Hesi ya Ndani na Mstari wa Kerezo

Ni nani asiyepata kushika parafujo na nati yake? Hata watoto wadogo huzichezea, wakiingiza moja katika nyingine na kuizungusha mpaka ikaze. Mwili wa parafujo umezungukwa na mfereji mwembamba upandao kwa mshazari, mfano wa uzi uliozungushwa juu ya pia. Mfereji huo huitwa hesi. Nati nayo ina hesi, ila ya kwake imo ndani ya tundu, na mtu asipoielekeza kwenye mwangaza hawezi kuiona sawasawa.

Tofauti hiyo ndogo, ya kuwa nje na kuwa ndani, ina mambo makubwa katika kazi ya chuma. Hesi ya nje ikipinda, fundi huiona mara moja, na hata mtu apitaye njiani aweza kuiona. Hesi ya ndani ikipinda haionekani. Chuma chang'aa, vipimo vyake vya nje vyote ni sahihi, na mwenyewe hukipokea kwa shukrani na kulipa fedha yake. Kosa hulala humo tunduni mpaka siku ile chombo kitakapofungwa na kupewa mzigo.

Parafujo iliyotiwa katika tundu lililopinda haikai imara. Kichwa chake huegemea upande mmoja tu wa kitu kinachofungwa, na upande wa pili hubaki mwanya. Mtu akizidi kukaza, parafujo hujikunja shingoni. Tena kila chombo kitikisikapo, hujikunja na kujikunjua kidogo kidogo, mpaka siku moja ufa waanza, na mwisho hukatika. Hapo mtu asiyejua husema, "Chuma hiki ni kibaya," akaenda kununua kingine, nacho kikakatika vilevile. Chuma hakina kosa lo lote.

Basi mafundi hupendelea kukata hesi za ndani juu ya kerezo. Kukereza ni neno la zamani pwani. Kabla ya mashine za chuma kufika, mafundi wa mbao walikereza matendegu ya vitanda, na sifa ya tendegu zuri ilikuwa kuwa mviringo pande zote. Kerezo la chuma ni ndugu wa lile la mbao, ila lina nguvu zaidi na usahihi zaidi. Kushoto kuna kichwa kizungukacho, chenye taya tatu ziumazo chuma cha kazi kama mbwa aumavyo mfupa. Kulia kuna kichwa cha pili kisichozunguka. Na kiitwe mkia. Mkia husogezwa mbele na nyuma juu ya njia za kerezo, nao una tundu ambamo fundi hutia kekee, au ncha ya chuma iliyochongwa kama kalamu. Kati ya vichwa hivi viwili hupita mstari mmoja usioonekana, utokao katikati ya taya mpaka katikati ya mkia. Mstari huo ndio roho ya kerezo. Chuma huzunguka juu yake, kekee hutoboa juu yake, na habari yote ya hesi ya ndani iliyonyoka ni habari ya kuushika mstari huo bila kuuacha.

Chombo kikatacho hesi ndani ya tundu huitwa tapu. Ni kipande cha chuma cha pua kilichotiwa ugumu sana. Ina hesi kwa nje kama parafujo, lakini hesi zake zimekatwa na mifereji mitatu au minne ipitayo kwa urefu, ili zipate makali, na ili maranda ya chuma yapate pa kukaa. Kwa desturi huuzwa tatu pamoja. Ya kwanza imechongoka sana mbele, ili iingie tunduni kwa upole. Ya pili imechongoka kidogo. Ya tatu karibu haikuchongoka kabisa, na kazi yake ni kumaliza hesi mpaka chini, katika tundu lisilotokea upande wa pili. Ugumu wake ndio nguvu yake, na tena ndio udhaifu wake: mtu akiikunja haipindi, huvunjika. Na tapu iliyovunjikia ndani ya tundu ni msiba, maana ni ngumu kuliko kekee itakayotaka kuitoboa.

Mfano wa kazi moja utaonyesha mambo haya vizuri kuliko maelezo matupu.

Katika vijiji vingi maji huvutwa kwa pampu ya mkono. Mtu huinua na kushusha mpini, na ndani ya bomba lililozama kisimani mna nondo nyembamba zipandazo na kushuka pamoja na mpini. Chini kabisa, ndani ya maji, nondo ya mwisho imetiwa katika pistoni, na pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda, ikiyasukuma maji juu. Pistoni hutengenezwa kwa shaba, kwa kuwa shaba haili kutu kama chuma. Katikati ya kichwa chake mna tundu lenye hesi, na humo ndimo mwisho wa nondo hufungwa.

Fikiri sasa karakana ndogo yenye kerezo moja, na fundi mmoja mzee, na mwanagenzi wa mwaka wa pili. Pampu ya kijiji cha jirani imeharibika, pistoni yake imelika. Wazee wa kijiji wamechanga fedha, wameleta donge moja la shaba. Donge moja tu. Wala la pili halipatikani upesi. Pampu yenyewe imekwisha kufunguliwa, nondo zimelazwa majanini, na kila asubuhi wanawake wanakwenda mtoni kwa miguu wakingoja kazi imalizike.

Fundi hakumpa kijana donge lile siku ya kwanza. Alimpa kipande cha chuma kikuukuu, akamwambia akikereze kiwe mviringo, atoboe tundu, akate hesi ya milimita 12. Kijana akakereza vizuri, akatoboa vizuri. Kisha akakifungua kutoka katika taya.

Fundi akamwuliza, "Wakipeleka wapi, mwanangu?"

"Jiliwani, Fundi. Huko nitapata nafasi ya kuzungusha mpini wa tapu."

"Na ule mstari, utauchukua kwa chombo gani?"

Kijana hakuelewa swali, wala mzee hakuongeza neno. Akaachwa aende jiliwani. Akakibana kile chuma, akasimamisha tapu kwa jicho, akatazama mbele, akatazama ubavuni, akaona imesimama wima, akakata. Kazi ikaisha upesi, akaileta kwa furaha.

Mzee akakirudisha chuma katika taya za kerezo. Akatwaa nondo fupi iliyonyoka, yenye urefu wa milimita 300 na hesi mwishoni, akaikaza katika lile tundu. Kisha akazungusha taya polepole kwa mkono, akamwambia kijana atazame ncha ya nondo. Ncha haikukaa mahali pamoja. Ilizunguka hewani ikiandika duara, na duara hilo lilikuwa na upana wa milimita 10.

"Ni kidogo tu, Fundi," kijana akasema. "Ndani ya tundu kosa halifiki hata milimita moja."

"Vyema. Sasa hesabu mpaka mwisho wa nondo ya pampu."

Hesabu yenyewe si ngumu. Duara lenye upana wa milimita 10 maana yake ncha imeuacha mstari kwa milimita 5. Nondo ya majaribio ina milimita 300. Nondo ya pampu ina mita 3, yaani milimita 3,000, nayo ni mara 10 ya ile. Basi kosa nalo litakuwa mara 10: milimita 50, karibu upana wa vidole vitatu. Na kupinda kwenyewe hakuzidi digrii 1. Ndani ya tundu lenye kina cha milimita 30, digrii 1 ni kama nusu ya milimita, nalo ni jambo ambalo jicho la kijana, hata liwe kali namna gani, halikuweza kuliona pale jiliwani.

Bomba la pampu kwa ndani ni jembamba kuliko milimita 50 hizo. Kwa hiyo nondo italazimika kujikunja na kuegemea ukuta wa bomba. Pistoni nayo italala upande mmoja ndani ya silinda, na ngozi yake italika upande huo, maji yapite. Mpini ukienda mara 40 kwa dakika moja, kwa saa moja ni mara 2,400, na kila mara nondo hulikwaruza bomba ikipanda na kulikwaruza tena ikishuka. Haitapita miezi mingi kabla ya kitu kimoja kutoboka au kukatika, na kijiji kitachanga fedha tena.

Kijana akanyamaza. Donge la shaba lilikuwa juu ya meza, mbele ya macho yake.

Isidhaniwe ya kuwa jambo hili huwasumbua wanagenzi tu. Zamani hata mafundi stadi wa Ulaya walikata hesi kwa mkono na jicho, na kila parafujo ilikuwa na nati yake mwenyewe. Nati iliyopotea haikuweza kubadiliwa kwa nyingine. Mashine ilipofunguliwa, fundi ilimpasa kutia alama kila parafujo na kila nati, asije akachanganya mume wa huyu na mke wa yule.

Mmoja wa watu waliobadili mambo hayo ni Henry Maudslay, Mwingereza aliyezaliwa Woolwich mwaka 1771. Hakuwa mtoto wa matajiri. Alipokuwa na miaka 12 alikuwa akifanya kazi katika ghala ya silaha, akijaza baruti. Mwaka 1789 alichukuliwa na Joseph Bramah, mtengeneza makufuli maarufu wa London, akawa mkuu wa mafundi wake. Mwaka 1797 aliomba aongezewe mshahara wake wa shilingi 30 kwa juma, kwa kuwa alikuwa na mke na watoto; akakataliwa, akatoka, akafungua karakana yake mwenyewe.

Kerezo alilotengeneza Maudslay kama mwaka 1800 lilikuwa na parafujo ndefu sahihi iliyosukuma kisu kwa mwendo usiobadilika, huku chuma kikizunguka. Fundi hakukishika kisu kwa mkono tena. Hesi mpya iliongozwa na hesi ya kwanza, na unyofu wa ile ukahamia katika hii. Parafujo mojawapo iliyomletea sifa ilikuwa na urefu wa futi 5 na unene wa inchi 2, na katika kila inchi ilikuwa na mizunguko 50 ya hesi. Nati yake ilikuwa na urefu wa inchi 12. Kwa hiyo ndani ya nati ile moja ilikuwamo mizunguko 600, yote ikikubaliana na ya parafujo. Lau hesi hiyo ya ndani ingalipinda hata kidogo, nati isingalikwenda hata inchi moja bila kukwama.

Katika karakana ya Maudslay alifanya kazi kijana mwingine, Joseph Whitworth, ambaye mwaka 1841 aliwatolea wahandisi wa Uingereza shauri la kutumia hesi za namna moja katika nchi nzima, zenye pembe ya digrii 55. Marekani walifuata shauri la William Sellers, lililotolewa mwaka 1864, la digrii 60. Na hesi za milimita zitumikazo leo duniani nazo zina digrii 60. Ndiyo maana fundi wa siku hizi afunguaye mashine kuukuu ya Kiingereza huona nati za kwake zakataa kuingia, ijapokuwa unene ni karibu sawa.

Na turudi kwa kijana na donge lake la shaba, maana asubuhi yake mzee alimwita mbele ya kerezo.

Kabla ya jambo lo lote, mzee alisogeza mkia mpaka ncha yake ikakaribia ncha nyingine aliyoitia katika kichwa cha kushoto. Ncha mbili zikatazamana, lakini hazikukutana. Moja ilikuwa imepita kando ya mwenzake kwa upana wa unyasi. Juzi kerezo lilikuwa limekereza chuma kilichonona upande mmoja na kukonda upande wa pili, na kwa kazi ya namna hiyo mkia husogezwa kando kwa makusudi, kisha haukurudishwa. Laiti kijana angalitoboa hivyo, kekee ingaliingia kwa upande, na tapu baada yake. Kerezo huaminiwa sana na watu, lakini halina mdomo wa kusema ya kuwa limepinda. Mzee akaurudisha mkia mpaka ncha zikagusana pua kwa pua.

Ndipo donge likabanwa katika taya. Kijana akalikereza kwa nje mpaka likapata unene wa pistoni, akausawazisha uso wake. Mzee akamwonya kwamba tangu sasa mpaka kazi iishe taya zisifunguliwe. Mwili wa pistoni na tundu lake na hesi yake yote sharti yafanywe kwa mshiko mmoja, ili yote yawe na mstari mmoja. Chuma kikisha kufunguliwa na kubanwa tena, hakirudi mahali pake hasa; unywele mmoja utabaki, na hakuna ajuaye umebaki upande gani.

Kutoboa kulichukua muda mrefu kuliko alivyodhani. Kwanza ilitiwa kekee fupi nene ya kuanzia, isiyoweza kujikunja, ikafanya shimo dogo katikati ya uso. Kisha ikafuata kekee nyembamba, kisha nene kuliko hiyo. Kekee ndefu ikianza juu ya uso mtupu hutangatanga kama kuku atafutaye pa kutagia, na makali yake mawili yasipokuwa sawa huenda upande hata kama mkia umenyoka. Tapu haina akili ya kusahihisha kosa hilo. Hufuata tundu lilivyo. Mtu akiona tundu limepotoka, dawa yake ni kutia kisu kidogo cha kupanulia ndani, ambacho hukata kwa kuufuata mzunguko wa chuma wala si kwa kulifuata tundu, na hivyo hulirudisha katikati. Lakini hiyo yafaa ikiwa tundu bado ni jembamba.

Shaba ina tabia yake nyingine: huivuta kekee. Makali yakiwa makali mno, kekee hujichimbia yenyewe kama msumeno uliopata mti mwororo, ikakwama. Mzee aliyapitisha makali ya kekee juu ya jiwe mara moja, akayapunguza ukali kidogo tu.

Hesi ya milimita 12 ina hatua ya milimita 1.75, yaani tapu ikizunguka mara moja huingia ndani kwa kiasi hicho. Ukitoa 1.75 katika 12 unabakiwa na 10.25, na kekee itumikayo ni ya milimita 10.2. Tundu likiwa jembamba mno, tapu hukaba na kuvunjika. Likiwa pana mno, hesi hukosa nyama. Tundu la pistoni lilitobolewa kina cha milimita 40, ingawa hesi ilitakiwa milimita 30 tu, ili maranda yapate chumba cha kuangukia. Mdomo wa tundu ukapanuliwa kidogo kwa mshazari, tapu ipate pa kuketi.

Sasa umeme ukazimwa, na gia ya polepole ikatiwa, kichwa kisizunguke. Wako watu wakatao hesi huku mashine inazunguka, nao wana vyombo vya kazi hiyo. Mwanagenzi mwenye donge moja la shaba hana ruhusa hiyo.

Ukitazama mkia wa tapu, upande ule wa mpini, utaona kitundu kidogo katikati. Watu wengi hutumia tapu miaka mingi wasijue ni cha nini. Kitundu hicho ni kwa ajili ya ncha ya kerezo. Mbele, tapu imeshikwa na mdomo wa tundu. Nyuma, imeshikwa na ncha. Na vyote viwili viko juu ya mstari ule ule. Haina njia ya kupinda isipokuwa mtu aiachilie. Tapu nyembamba sana hazina kitundu, bali zimechongwa ncha kwa nyuma. Kwa hizo fundi hutia mkiani kipande chenye shimo badala ya ncha.

Kijana akashika mpini kwa mkono wa kushoto, na gurudumu la mkia kwa mkono wa kuume.

"Shika mpini katikati," mzee akasema. "Ukiushika mwisho, uzito wa mkono wako utaivuta tapu chini."

Akazungusha nusu mzunguko. Tapu ikauma. Na tapu ikiuma husonga mbele yenyewe, ikaiacha ncha nyuma. Hapo ndipo mkono wa kuume una kazi yake. Ncha sharti iifuate. Ikibaki nyuma, tapu hukosa mtegemeo, na mkia wake huinama. Ikisukumwa mno, tapu hulazimishwa kwenda upesi kuliko hatua yake, na mizunguko ya kwanza ya hesi hukwanguliwa yote. Ncha yapasa kwenda kama mtu amsindikizaye mgeni: asimsukume wala asimwache aende peke yake.

Mizunguko miwili ya kwanza ndiyo yenye hatari yote. Wakati huo tapu bado yaweza kurudishwa nyuma na kuanzishwa upya. Ikisha kuingia mizunguko mitatu au minne, huwa imejifanyia njia, nayo haitoki katika njia hiyo. Kijana awaye yote akiona hapo ya kuwa imepinda, hutamani kuusukuma mpini kando ili ainyoshe. Asifanye hivyo. Hesi haitanyoka, mdomo wa tundu utapanuka, au tapu itavunjika, au yote mawili.

Katika mzunguko wa pili mtu wa kijijini alitokea mlangoni, akapiga hodi, akauliza kama pistoni imekwisha. Kijana hakugeuka. Mzee ndiye aliyetoka nje kuzungumza naye, akaufunga mlango nyuma yake.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa utaratibu: nusu mzunguko mbele, robo mzunguko nyuma, ili maranda yakatike. Mkono huyasikia yakikatika. Katika shaba maranda ni kama unga, hayasumbui sana. Katika chuma cha pua ni marefu kama nywele, nayo yasipokatwa husokotana ndani ya mifereji na kuikaba tapu. Kwa chuma cha pua mafuta ni lazima. Kwa chuma cha kusubu si lazima, maana kina weusi ndani yake uteleao kama ule wa kalamu ya risasi. Kwa alumini mafuta ya taa yafaa sana. Shaba ile ilikatwa kavu.

Alipofika alama ya chokaa aliyoitia juu ya tapu kuonyesha kina, akaitoa, akapuliza unga wote nje, akatwaa tapu ya pili. Hii aliianza kwa vidole bila mpini, akiipapasa mpaka ikaingia katika hesi ya kwanza kwa hiari yake, kwa maana tapu ya pili ikilazimishwa hukata hesi mpya juu ya ile ya zamani, na zote mbili huharibika. Kisha ikafuata ya tatu, mpaka chini.

Taya zilikuwa bado hazijafunguliwa. Mzee akaleta nondo ya majaribio, akampa kijana aikaze mwenyewe. Mkia ukasogezwa mpaka ncha yake ikakaribia ncha ya nondo, pakabaki nafasi ya kupitisha karatasi. Kijana akazungusha taya kwa mkono, mzunguko mmoja mzima, kisha wa pili. Ncha mbili zilikaa zikitazamana. Kwa kweli ile ya nondo ilitikisika kidogo sana, chini ya robo ya milimita, na mzee alipoiona akasema itafaa, maana hata nondo za pampu zenyewe hazikunyoka zaidi ya hapo.

Pistoni ikatolewa, ikafutwa, ikafungwa katika kitambaa, ikapewa yule mtu aliyekuwa akingoja nje kivulini.

Kile kipande cha chuma cha jana kilikuwa bado juu ya meza. Kilikuwa kimekerezwa vizuri, kinang'aa, na mtu ye yote angekidhania ni kitu cha kutumika. Mzee akakiweka juu ya fuawe, akampa kijana nyundo, akamwambia aupige mdomo wa tundu mpaka hesi zizibe, ndipo akitupe katika sanduku la vyuma vikuukuu.